Sumu Ndani ya Nyumba Zetu

Katika nyumba zetu liko neno ambalo twalisikia kila mara mtu anapokula au kunywa kitu kisichofaa: "Hebu tumtazame kwanza." Neno hili husemwa kwa utulivu, aghalabu na mtu mzima mwenye kuheshimiwa, na kwa maradhi mengi huwa ni neno la busara. Mafua yaweza kutazamwa siku mbili. Tumbo la kuvimbiwa laweza kutazamwa usiku mmoja. Walakini katika jambo la sumu neno hili limewapeleka wengi makaburini, wakubwa kwa wadogo, na ndilo lililotufanya tushike kalamu mwezi huu.

Sumu hazina tabia moja. Ziko zenye kupiga kelele: mtoto akiramba kostiki soda, ile inayopikiwa sabuni, hulia papo hapo, midomo humvimba na udenda humtiririka, hapo hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba pana hatari. Lakini ziko nyingine zenye kunyamaza. Mtu huimeza, akaendelea kuzungumza, akala chakula cha usiku, akalala, na asubuhi akaamka kama kwamba halikuwa jambo. Hizi ndizo zinazotuhadaa, na ndizo tunazotaka kuzisema zaidi, kwa kuwa yule aliyeanguka akitoka povu watu humkimbiza hospitali bila ya kungoja makala yetu.

Lakini twaanza na mafuta ya taa, kwa sababu yamo katika nyumba nyingi, na kwa sababu madhara yake tumeyaona kwa macho yetu. Mtoto wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka 2, aliikuta chupa ya soda chini ya meza ya jikoni, akaifungua, akanywa. Soda haikuwamo tena. Yalikuwamo mafuta ya taa. Tulipofika kwa ukelele tulimkuta mama yake anataka kumtia kidole kooni ili atapike, na bibi yake amesimama na kikombe cha maziwa.

"Bibi, tafadhali, tusimpe kitu," alisema muuguzi mmoja anayekaa nyumba ya pili.

"Mwanangu, maziwa huvunja sumu. Sisi tumelelewa hivyo."

"Najua, bibi. Lakini mafuta haya ubaya wake mkubwa si tumboni. Ubaya ni yakipanda. Akitapika yataingia mapafuni."

Bibi alikiweka kikombe chini, na hilo twalitaja kwa heshima, maana si kila mzee hukubali kufundishwa na kijana mbele ya watu. Mtoto alipelekwa hospitali akikohoa njia nzima. Kifua kilikuwa kimekwisha kuguswa. Alikaa wodini siku 4, akarejea salama.

Maneno ya yule muuguzi ndiyo elimu yenyewe. Mafuta ya taa, petroli na dawa ya kuyeyushia rangi ni vitu vyepesi mno. Vikipanda kooni huteleza upesi katika njia ya pumzi, na tone dogo tu huweza kuunguza mapafu. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa kisha akapaliwa, akakohoa au akapumua mbio, asingojwe hata dakika moja. Na yule ambaye hakukohoa pia apelekwe, kwa sababu madaktari hupenda kumtazama muda wa saa 6 hivi kabla ya kumruhusu. Kutazamwa ni kwema, lakini atazamwe mahali penye hewa ya oksijeni na mtu ajuaye anachokitazama. Kostiki soda na maji makali ya kuondolea madoa huchoma mara ya kwanza yakishuka. Ukimtapisha mtu, unamchoma mara ya pili yakipanda.

Maji ya chumvi nayo yaachwe kabisa. Chumvi nyingi peke yake ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Mayai mabichi, mafuta ya nazi na mkaa wa jikoni uliosagwa havina kazi hapa. Ni kweli kwamba hospitalini upo mkaa unaopewa wagonjwa wa sumu, lakini ule hutengenezwa makusudi ili uwe na vitundu visivyohesabika vya kunasia sumu, tena hutolewa na mwenye ujuzi, kwa baadhi ya sumu tu. Kwa mafuta ya taa na kostiki haufai. Linalotupasa sisi wa nyumbani ni machache: kukitoa kilichobaki mdomoni, kuvua nguo zilizolowa dawa, kuosha ngozi kwa maji mengi na sabuni, na jicho lililoingiwa kitu kulimiminia maji safi dakika 15 au 20. Kisha ni safari.

Sasa tuje kwa zile zinazonyamaza. Hakuna kidonge tunachokidharau kama parasetamoli, kwa kuwa kinauzwa kila duka. Mama humpa mtoto mwenye homa kijiko cha dawa ya maji, shangazi asiyejua humpa tena, na usiku hupewa dawa ya mafua ambayo ndani yake imo parasetamoli ile ile. Aliyezidishiwa sana huenda asihisi ila kichefuchefu siku ya kwanza. Siku ya pili huonekana nafuu. Kisha, baina ya siku ya pili na ya nne, ini huanza kuharibika, na macho kugeuka manjano. Na jambo la kusikitisha ni kwamba dawa yake ipo. Huitwa asetilisisteini, na ikianzwa ndani ya saa 8 tangu kumezwa humkinga karibu kila mtu. Basi anayesema "tumtazame hadi kesho" anazipoteza saa zile zile ambazo dawa ilikuwa na nguvu.

Vidonge vya kisukari vya babu ni vidogo, na kimoja tu chaweza kuishusha sukari ya mtoto mdogo hata akapoteza fahamu, tena baada ya saa nyingi, pengine usiku wa manane watu wote wamelala. Vidonge vyekundu vya kuongeza damu, ambavyo mama mjamzito huletewa kliniki, mtoto huviona peremende. Atatapika saa za mwanzo, kisha atulie hata watu wamshukuru Mungu, kisha azidiwe. Betri ndogo za duara kama kifungo, zilizomo katika saa na katika vitu vya kuchezea, si sumu kwa maana ya kawaida, lakini ikikwama kooni huweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa 2. Hapa kuna jambo litakalowafurahisha wazee wetu: madaktari wa siku hizi huruhusu mtoto aliyezidi mwaka 1, kama betri imemezwa ndani ya saa 12 na anaweza kumeza vizuri, apewe asali vijiko vidogo 2 kila dakika 10, isizidi mara 6, hali yuko njiani kwenda hospitali. Asali hupunguza kuunguza. Haiitoi betri, wala haiwi sababu ya kuchelewa, na mtoto aliye chini ya mwaka 1 hapewi asali kabisa.

Na dawa ya panya je? Ziko zinazozuia damu isigande, na aliyeila hukaa siku mbili tatu mzima ndipo aanze kutoka damu puani, katika ufizi au katika mkojo. Ziko nyingine, hasa zile zinazouzwa barabarani katika vikaratasi visivyo na jina, ambazo ni dawa kali za wadudu wa mashambani, na hizo huua kwa saa chache. Mnunuzi hajui amenunua ipi. Kwa rai yetu dawa isiyo na jina isingepasa kuvuka kizingiti cha nyumba yoyote yenye watoto.

Liko jambo jingine ambalo wazazi hawapendi lizungumzwe, nasi tutalizungumza. Si kila sumu humezwa kwa bahati mbaya. Katika nyumba moja tunayoijua, binti wa shule alimeza vidonge baada ya maneno makali ya nyumbani. Mdogo wake ndiye aliyetoa habari, baada ya sala ya Isha. Binti alikuwa amekaa kitandani, anajibu kila aulizwalo, na akasema hana neno.

"Tukimpeleka hospitali usiku huu mji mzima utajua," alisema mjomba wake.

"Na ujue," alijibu shangazi mtu. "Kaka yangu, mji hautamzaa mwingine."

Walikwenda, na mlangoni shangazi akamwambia daktari ukweli, kwa sauti ya chini lakini bila ya kupunguza. Hapo ndipo familia nyingi zinaposhindwa. Husema ni malaria, na daktari hutibu malaria. Wengine huogopa polisi. Huko Kenya kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa kikimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Sheria za namna hiyo zingaliko katika nchi nyingine, lakini mwenye kufa hashitakiwi, na kijana aliyefichwa ndani kwa kuogopa sheria hazidishiwi umri. Binti yule alitibiwa akapona mwili. Kisha ilichukua miezi kupona moyo, na katika miezi hiyo alipelekwa kwa mshauri, na baba yake akajizuia kumlaumu. Twamsifu kwa hilo. Halikuwa jepesi kwake.

Huenda msomaji akauliza, basi ni dalili zipi ambazo mtu akiziona hana tena haki ya kuuliza? Kushindwa kuamka au kusinzia kusiko kwa kawaida. Degedege, ambalo kwa watu wengine huitiwa mganga kabla ya daktari. Kupumua kwa shida au midomo kugeuka buluu. Udenda, jasho na machozi mengi pamoja na mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, ambayo ni alama ya dawa za wadudu. Midomo au ulimi uliobabuka. Moyo kwenda mbio au kusitasita. Mwenye kuzimia alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi, wala asitiwe kitu mdomoni. Na mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki upesi, lisingojwe. Ichukuliwe bajaji, teksi, gari la jirani, chochote chenye magurudumu. Lakini twarudi kusema: kwa dawa za wadudu, za panya, kostiki, mafuta ya taa, betri, na vidonge vya mtu mwingine, dalili si sharti la kuondoka nyumbani. Kumezwa kwenyewe kwatosha.

Na kifungashio kichukuliwe. Mwaka 1953, katika mji wa Chicago huko Marekani, kilianzishwa kituo cha kwanza cha nchi ile cha kukusanya habari za sumu, kwa kuwa madaktari walikuwa wakiletewa watoto waliokunywa vitu vya dukani ambavyo hawakujua vimetengenezwa kwa nini. Leo nchi nyingi zina vituo vya namna hiyo, na mtu hupiga simu akaelezwa la kufanya. Ambaye kwake hakuna simu hiyo, chupa au karatasi ya dawa ndiyo itakayosema badala yake. Daktari atauliza kitu gani, kiasi gani, saa ngapi, na uzito wa mtoto. Mtu mmoja wa nyumbani aandike saa kabla ya kutoka; katika mtaharuki saa ndiyo husahauliwa kwanza.

Mara nyingine mgonjwa si mmoja. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Miaka michache kabla, Novemba 2021, watu 7 walikufa Pemba kwa nyama hiyo hiyo. Kuchemsha sana hakuiondoi sumu hiyo, wala hakuna dawa inayoivunja; hospitali humsaidia mgonjwa kupumua na kumpa maji mpaka mwili ujisafishe. Watu wawili watatu waliokula chungu kimoja wakianza kutapika au kuhisi midomo inakufa ganzi, wote waliokula waende, hata wale wasiohisi lolote, na mtoto anyonyaye asiachwe nyuma kama mama yake alikula.

Kadhalika nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja, na jiko la mkaa limewaka ndani milango imefungwa, hayo si mafua. Ni hewa ya mkaa, isiyo na rangi wala harufu. Watu watolewe nje kwanza, kisha ndio waulizane. Na vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani hutoa hewa ya sumu vikipata unyevunyevu, na sumu hiyo haina dawa ya kuivunja. Mtu asilale chumba kimoja na magunia yaliyotiwa vidonge hivyo, wala chumba kinachopakana nacho.

Tumewasahau wanyama? Hatukuwasahau. Katika miji ya pwani paka ni mtu wa nyumbani, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuonja kilichoharibika. Huko Minamata, nchini Japani, wavuvi waliwaona paka wao wanapepesuka, wanazunguka kama wanaocheza ngoma, na kuanguka baharini, kabla ya maradhi hayo kutangazwa kwa binadamu mnamo Mei 1956. Ilikuwa ni zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ikaingia katika samaki, na paka na watu walikula samaki wale wale. Serikali ilikiri sababu hiyo mwaka 1968. Basi paka akianguka ghafla na kutetemeka, mwenye nyumba awahesabu watoto pia, na atazame wamekula nini.

Paka mwenyewe naye ana haki ya kutibiwa. Kwake kidonge kimoja tu cha parasetamoli chaweza kuwa mauti, kwa kuwa ini lake haliwezi kukivunja. Ufizi hugeuka kahawia, uso huvimba, pumzi humwishia. Asipewe dawa ya binadamu kwa kuonewa huruma. Dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa nayo huweza kumuua paka. Aliyekula dawa ya panya, au panya aliyekufa kwa dawa, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Kama ni ile ya kuzuia damu kuganda, vitamini K humwokoa, maadamu hajaanza kutoka damu nyingi. Kumtapisha ni kazi ya daktari huyo, si yetu na maji yetu ya chumvi.

Katika wanyama lipo jambo moja linalowahusu Waislamu hasa. Tulikuwa shambani kwa jamaa yetu, na mbuzi 3 wakanywa katika ndoo iliyobakia dawa ya kupe. Mmoja alianguka, udenda unamtoka, miguu inatetemeka. Mzee wa nyumba akaita:

"Leteni kisu, tumuwahi kabla hajafa."

Twalifahamu kusudio lake. Mnyama akijifia ni mzoga, na mali ya mtu ni chungu kuipoteza. Lakini mwanawe alikuwa amekwisha kumpigia simu bwana mifugo.

"Baba, bwana mifugo anasema tusimchinje kwa kumla."

"Kwa nini, na nitamtajia jina la Mungu?"

"Nyama itakuwa halali kwa kisu, baba. Lakini dawa ya kupe itabaki humo humo."

Mzee alisimama kitambo, kisha akamrudishia kijana kisu. Mbuzi yule alikufa kabla ya bwana mifugo kufika. Wawili waliobaki walipigwa sindano za atropini, wakashinda kivulini. Mmoja alianza kula magharibi, na mwingine siku ya pili. Mzoga ulizikwa katika shimo refu ili mbwa wasiufukue, maana mbwa akimla mnyama wa namna hiyo naye hufa. Maziwa ya yule jike mmoja yalimwagwa kila siku mpaka bwana mifugo alipotoa ruhusa, na ile ndoo mzee aliitoboa kwa msumari mahali panne, akaitupa katika shimo la taka.